Hans Carl von Carlowitz, Mkuu wa Migodi Aliyehesabu Miti

Nchi ya Saksonia, iliyoko mashariki mwa Ujerumani, hutajwa mara kwa mara katika historia za sharika za Kilimanjaro na Meru, kwa kuwa Misheni ya Leipzig, ambayo watumishi wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, ilikuwa na makao yake huko. Walutheri wengi huijua Saksonia kwa sababu ya Matengenezo ya Kanisa. Lakini utajiri uliojenga makanisa, shule na majumba ya watawala wa nchi hiyo kwa muda wa karne nyingi haukutoka kwenye vyuo wala mimbari. Ulitoka chini ya ardhi, nao ulikuwa fedha. Hans Carl von Carlowitz aliitumikia fedha hiyo kwa miaka 37, akapanda hadi cheo cha juu kabisa cha usimamizi wa migodi. Hata hivyo, leo jina lake halikumbukwi kwa ajili ya fedha hata kidogo. Linakumbukwa kwa ajili ya miti.

Inafaa ikumbukwe kwamba migodi na Ulutheri vilikaribiana tangu mwanzo. Hans Luther, baba yake Martin, alikuwa mtu wa kuyeyusha shaba katika eneo la Mansfeld, na kijana Martin alipopatwa na radi njiani mwaka 1505 alimlilia Mtakatifu Anna, aliyeheshimiwa na wachimbaji kama mlinzi wao. Baadaye Johannes Mathesius, aliyewahi kula mezani pa Luther na kuyaandika mazungumzo yake, alikuwa mchungaji wa wachimbaji katika mji wa Joachimsthal, upande wa Bohemia. Mahubiri yake kuhusu migodi yalichapishwa mwaka 1562, yakisomwa na kupendwa katika nyumba za wachimbaji. Mji huohuo ndio uliopiga sarafu za fedha zilizoitwa kwa jina lake, taler, ambazo ndizo zilizozaa neno dola linalotumika hata leo. Basi yeyote aliyeishi katika safu ile, iitwayo Erzgebirge, yaani Milima ya Madini, alikua akisikia Injili na nyundo ya mchimbaji kwa pamoja.

Hans Carl alizaliwa Desemba 1645 huko Rabenstein, karibu na mji wa Chemnitz, chini ya milima hiyo. Ukoo wa Carlowitz ulikuwa wa kikabaila na wenye majina makubwa. Wasomaji waliopitia historia ya Matengenezo watamkumbuka Christoph von Carlowitz, mshauri wa Moritz wa Saksonia. Yeye ndiye aliyeandikiwa na Philipp Melanchthon, mwaka 1548, ile barua iliyoleta manung'uniko mengi, kwa kuwa ndani yake Melanchthon alilalamikia ukali wa Luther aliyekwisha kufa. Baba yake Hans Carl, Georg Carl, hakuwa mtu wa siasa za namna hiyo. Alikuwa msimamizi wa misitu na mawindo ya mtawala, na nyumbani kwake watoto walizijua habari za magogo, za mipaka ya misitu, na za mito ya kuelezea mbao kabla hawajajua Kilatini.

Mwaka aliozaliwa haukuwa mwepesi. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618, vilikuwa havijakwisha; ni mwaka huohuo wa 1645 ambapo Saksonia ilikubaliana na Waswidi kusimamisha mapigano katika nchi yake. Vijiji vilikuwa vimechomwa, migodi mingi imejaa maji kwa kukosa watu wa kuyatoa, na mashamba yameota vichaka. Jambo moja la ajabu ni kwamba misitu ilipata nafuu katika miaka ile ya maafa, kwa kuwa wakataji walikuwa wachache. Amani iliporudi mwaka 1648, kila nyumba iliyoungua ilidai boriti, kila mgodi uliofufuliwa ulidai nguzo, na kila tanuru lililowashwa upya lilidai mkaa. Carlowitz alikua akiyaona hayo yote kwa macho yake: nchi inasimama tena, na misitu inaanguka.

Alisoma shule huko Halle, kisha mwaka 1664 akaingia Chuo Kikuu cha Jena, alikojifunza sheria na mambo ya utawala, pamoja na lugha na elimu ya maumbile. Kuanzia mwaka 1665 hadi 1669 alisafiri, kama walivyofanya vijana wa kikabaila wa wakati ule, ili aione dunia kabla ya kupewa kazi. Alifika Uholanzi, Uingereza, nchi za Skandinavia, Ufaransa, Italia, hata kisiwa cha Malta. Vijana wengi walirudi kutoka safari za namna hiyo na mavazi mapya na madeni. Yeye alirudi na swali. Kila alikopita alikuta watu wenye hofu ileile. Uingereza, John Evelyn alikuwa amechapisha kitabu juu ya miti mwaka 1664, kwa sababu jeshi la wanamaji lilihofia kukosa mialoni ya kujengea merikebu. Ufaransa, waziri Colbert alikuwa akisafisha utawala mzima wa misitu ya mfalme, kazi iliyotoa sheria kubwa ya mwaka 1669. Colbert aliogopa kwamba Ufaransa ingeangamia kwa kukosa miti. Carlowitz aliyaweka moyoni hayo, na miaka zaidi ya 40 baadaye akayaandika.

Mwaka 1677 aliteuliwa kuwa makamu wa mkuu wa migodi, makao yake yakiwa Freiberg. Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo ni lazima kwanza kuujua mji wenyewe.

Fedha iligunduliwa pale mwaka 1168, na jina la Freiberg linatokana na uhuru uliotolewa kwa watu kuja kuchimba katika mlima huo. Kufikia wakati wa Carlowitz mashimo yalikuwa yamekwenda chini sana. Mchimbaji aliteremka kwa ngazi, moja baada ya nyingine, akiwa na taa ya mafuta mkononi, na baada ya saa zake za kazi alipanda ngazi zilezile akiwa amechoka na kulowa. Mwamba ulikuwa mgumu, hata wakati mwingine ulipasuliwa kwa moto: rundo la kuni liliwashwa mbele ya jiwe usiku, jiwe likapata joto na kupasuka, na asubuhi watu wakaja na nyundo. Baruti ilikuwa imeanza kutumika katika karne ile ya 17, lakini haikuondoa haja ya kuni. Mashimo yalishikiliwa na nguzo za miti ili yasiwafunike watu. Maji yaliyobubujika chini yalitolewa kwa pampu za mbao zilizoendeshwa na magurudumu makubwa ya mbao, yakisukumwa na maji ya mifereji iliyojengwa kwa mbao. Mawe yenye madini yalipandishwa kwa mapipa ya mbao, yakapondwa kwa vinu vyenye nguzo za mbao, kisha yakapelekwa kwenye matanuru. Hapo ndipo msitu ulipomalizikia. Fedha haikuweza kutenganishwa na jiwe pasipo mkaa, na mtu yeyote aliyewahi kuchoma mkaa anajua jinsi tanuri la magogo linavyofunguliwa likatoa magunia machache tu.

Kwa hiyo mgodi wa fedha ulikuwa na midomo miwili, mmoja ukila mwamba na mwingine ukila msitu. Vijito na mito ya milima ile ilibeba magogo kutoka kwenye misitu ya juu hadi Freiberg, na mifereji maalumu ilichimbwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa misitu ya karibu ilikuwa imekwisha zamani. Kila kizazi kililazimika kwenda mbali zaidi kuliko kizazi kilichotangulia, na gharama ya kuni ikapanda kwa kila hatua.

Afisa wa migodi katika Saksonia hakuwa mwangalizi wa mbali. Matajiri na watu wa kawaida walinunua hisa, na kwa desturi mgodi mmoja uligawanywa katika hisa 128. Lakini wenye hisa hawakuamua ni wapi pa kuchimba wala ni wangapi wa kuajiriwa. Hayo yaliamuliwa na maofisa wa mtawala. Wao walipima mipaka, wakakagua hesabu, wakaamua ugomvi baina ya majirani waliokutana chini ya ardhi, wakaangalia mishahara, na kuhakikisha kwamba fedha yote iliuzwa kwa hazina kwa bei iliyopangwa. Sehemu ya kumi ya mapato ilitolewa pia. Iliitwa zaka, ila zaka hiyo haikwenda kanisani. Ilikwenda Dresden, kwa mtawala. Wachimbaji wenyewe walikuwa na undugu wao wa kale, ambamo kila mmoja alitoa senti zake katika sanduku la pamoja ili kuwasaidia wagonjwa, walemavu na wajane. Mkuu wa migodi alipaswa kuwajua watu hao, na wao walimjua.

Kwa miaka 34 Carlowitz alifanya kazi chini ya Abraham von Schönberg, mkuu wa migodi mwenye sifa, aliyeandika kitabu kikubwa cha mambo ya migodi mwaka 1693 na kuanzisha mwaka 1702 mfuko wa kuwasomesha vijana elimu ya madini. Kutokana na mbegu hiyo kilikuja kuanzishwa Chuo cha Madini cha Freiberg mwaka 1765. Si rahisi kuwa wa pili kwa muda mrefu namna hiyo. Watu wengi wangeharibika kwa wivu, au wangelala usingizi kazini. Kazi za Carlowitz zinaonyesha mtu aliyeutumia muda huo kutazama, kuuliza na kuandika. Mwaka 1709 alipewa cheo cha diwani katika hazina na mambo ya migodi, na Schönberg alipofariki mwaka 1711, Carlowitz akawa mkuu wa migodi yote ya Saksonia. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Katika utumishi huo aliwaona watawala wanne wakipokezana. Wa mwisho wao, Friedrich August, ambaye historia humwita August Mwenye Nguvu, alikuwa mtihani kwa nchi na kwa Kanisa pia. Mwaka 1697 aliacha imani ya Kilutheri na kuwa Mkatoliki ili apate taji la ufalme wa Poland, ilhali Saksonia ilikuwa ndiyo nchi ya Matengenezo. Watu wake walibaki katika imani yao, na alilazimika kuwahakikishia hivyo. Lakini taji hilo lilikuwa na gharama. Lilileta vita na Waswidi, nao waliingia Saksonia mwaka 1706, wakakaa hadi mwaka 1707 wakila na kutoza kodi. Mtawala alipenda pia majumba, sherehe na vitu vya thamani. Kila mara hazina ilipokauka, macho ya Dresden yaligeuka kuelekea Freiberg na kuuliza mbona fedha ni kidogo. Maofisa wa migodi ndio waliotakiwa kujibu.

Jibu rahisi lingekuwa kukata zaidi na kuchoma zaidi, yaani kufungua msitu mwingine, kujaza matanuru na kupeleka hesabu nzuri mwisho wa robo mwaka. Hakuna ambaye angemlaumu afisa kwa kufanya hivyo, na aliyekuja kulipa angekuwa mtu ambaye hajazaliwa bado. Carlowitz alilitoa jibu lingine, na akalitoa kwa maandishi, kwa jina lake mwenyewe, akalielekeza kwa mtawala huyohuyo. Alimwambia kwamba hatari kubwa ya migodi haikuwa kuisha kwa madini. Madini bado yalikuwapo. Kitakachoifunga migodi ni kuisha kwa kuni.

Kitabu hicho kilichapishwa Leipzig mwaka 1713, kwa jina la Kilatini na Kijerumani, Sylvicultura oeconomica, nacho kilihusu uoteshaji wa miti ya mwituni kwa uangalifu wa mwenye nyumba. Kina kurasa zaidi ya 400 kubwa, na lugha yake ni nzito, yenye sentensi zinazopanda na kushuka kama milima ya kwao. Si kitabu cha kusomwa kwa furaha. Mwandishi anawataja Warumi na Wayunani, anasimulia aliyoyaona safarini, anarudia, anapotea njia na kurejea. Lakini chini ya vumbi hilo kuna mtu aliyejua anachokisema.

Kwanza anawakemea wale wanaofikiri msitu ni kisima kisicho na mwisho. Anaeleza jinsi watu wanavyokata miti ili kupata shamba la nafaka, kwa sababu nafaka huleta pesa kila mwaka, na mti humngojesha mtu maisha yake yote. Anajua vizuri kwamba anayepanda mwaloni hatauona ukikatwa, na kwamba hilo ndilo linalowafanya watu wasipande. Kisha anaingia kazini. Anafundisha jinsi ya kukusanya mbegu kwa wakati wake, kuzikausha na kuzihifadhi, kuandaa udongo, kutengeneza kitalu, kuhamisha miche, na kuilinda dhidi ya mifugo na wanyama wa mwitu. Anaeleza kila aina ya mti wa nchi yake na mahali unapopenda kukaa. Yote hayo yanaonekana ya kawaida leo kwa mtoto wa shule aliyewahi kumwagilia miche, lakini wakati ule msitu ulidhaniwa hujiotea wenyewe, na wazo la kuupanda kama shamba la kabichi lilikuwa geni kwa wengi.

Tena hakuishia kwenye kupanda. Alitaka kuni zitumike kidogo zaidi: nyumba zijengwe kwa namna inayozuia baridi, majiko na matanuru yaboreshwe ili yasipoteze moto. Aliandika pia sehemu nzima juu ya udongo wa vinamasi wenye mizizi na majani yaliyooza, ambao ukikatwa na kukaushwa huwaka kama kuni, akionyesha kwamba ulipatikana katika Saksonia yenyewe. Katika mambo haya aliandika kama mwenye nyumba anayehesabu vijinga jikoni, wala hakuona haya kushughulikia mambo madogo.

Katikati ya sentensi moja ndefu, anapouliza ni kwa namna gani nchi ipate matumizi ya miti yasiyokatika, alitumia neno la Kijerumani ambalo maana yake ni kudumu, kushikilia kwa muda mrefu, kuwa na akiba ya baadaye. Hakulipigia mstari wala kulifanya kichwa cha sura, na hakuna dalili kwamba alijua amefanya jambo kubwa. Neno hilo ndilo lililokuja kuwa Nachhaltigkeit, ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa neno uendelevu. Maana yake kwa Carlowitz ilikuwa hesabu ya wazi: kata kiasi kile tu kinachoota, na ukikata zaidi, panda.

Alipotoa sababu, hakusema habari za faida ya mtawala peke yake. Alikumbusha kwamba raia maskini nao wanahitaji riziki ya kutosha, na kwamba wale watakaokuja baadaye wana haki yao katika kile kilichopo sasa. Aliyaona maumbile kama mama mwema ambaye binadamu afanye kazi pamoja naye, asishindane naye. Hapa anasikika Mlutheri wa wakati wake, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba dunia ni ya Mungu na mwanadamu ni wakili tu. Pia anasikika mhasibu. Katika kitabu chake viwili hivyo havikugombana.

Hata hivyo haifai kumpamba kupita kiasi. Carlowitz hakuwa mtetezi wa msitu dhidi ya mgodi. Alitaka msitu uishi ili mgodi uishi, na kama angepata njia ya kuyeyusha fedha bila kuni huenda kitabu kisingeandikwa. Alikuwa kabaila, na misitu aliyoizungumzia ilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya mtawala na makabaila wenzake. Sheria za kuhifadhi zilipokazwa katika nchi za Kijerumani, aliyezuiwa kwanza alikuwa mkulima aliyezoea kuokota kuni, kulisha nguruwe chini ya mialoni na kukusanya majani ya kulazia mifugo. Wanahistoria wa leo wanabishana hata kama upungufu wa kuni ulikuwa mkubwa kama maofisa walivyodai, au kama kilio hicho kiliwasaidia pia watawala kuishika misitu mikononi mwao. Yaelekea ukweli uko pande zote mbili. Karibu na migodi na matanuru upungufu ulikuwa wa kweli, na bei zilionyesha. Mbali na hapo, kilio kilitumika.

Carlowitz hakupata muda wa kuuona ushauri wake ukifanya kazi. Alifariki dunia Freiberg tarehe 3 Machi 1714, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, akiwa na umri wa miaka 68. Katika kanisa kuu la mji huo, ambamo watawala wa Saksonia wa baada ya Matengenezo walizikwa, kuna mimbari iliyotengenezwa mwaka 1638 inayobebwa na sanamu ya mchimbaji, kana kwamba mhubiri asingeweza kusimama pasipo mabega ya mtu wa shimoni. Katika miaka ya mwisho ya Carlowitz fundi Gottfried Silbermann, kijana wa milima hiyohiyo, alikuwa akijenga humo kinanda kikubwa chenye safu 44 za sauti. Kilizinduliwa Agosti 1714, miezi mitano baada ya mkuu wa migodi kufariki, na kinapigwa hadi leo.

Kitabu kilitolewa tena mwaka 1732, kikiwa kimeongezewa sehemu na Julius Bernhard von Rohr, kisha polepole kikasahauliwa. Lakini wazo lilitembea. Wasimamizi wa misitu wa Kijerumani walilichukua, wakaligeuza kuwa elimu yenye vipimo na ramani, na mwaka 1811 Heinrich Cotta alihamishia shule yake ya misitu Tharandt, si mbali na Freiberg, wakaja kusoma humo vijana wa mataifa mengi. Humo pia kosa liliingia. Kwa kuwa hesabu ilikuwa rahisi zaidi kwa mti wa aina moja, milima ya Saksonia ilipandwa jamii moja ya misonobari, safu kwa safu, yenye umri mmoja. Misitu hiyo ilitoa mbao nyingi, lakini ilikuwa dhaifu mbele ya upepo na wadudu, na katika miaka ya 1970 na 1980 moshi wa viwanda na wa makaa ya mawe uliiua katika sehemu kubwa za Erzgebirge. Carlowitz mwenyewe alikuwa ameeleza miti ya aina nyingi.

Elimu hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Kijerumani. Mabwana misitu waliofundishwa kwa utaratibu huo walifanya kazi Usambara na Rufiji, wakaleta vitalu na miche ya mitiki, na mwaka 1904 serikali ya koloni ikatoa sheria ya kulinda misitu, iliyotenga maeneo na kuyafunga. Misitu mingine ya milimani iliyosalia leo ina deni kwa mipaka iliyochorwa wakati ule. Lakini wenyeji, ambao kwa vizazi walikuwa na misitu yao ya matambiko isiyoguswa na shoka, hawakuulizwa. Yaliyowapata wakulima wa Saksonia yaliwapata na Washambaa, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa aliyefunga msitu alikuwa mgeni. Sehemu ile ya kitabu inayowataja raia maskini na riziki yao haikusafiri pamoja na sehemu ya vitalu.

Neno la Carlowitz lilipata maisha mapya mwaka 1987, wakati tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilipotoa taarifa yake juu ya maendeleo yasiyowanyima watakaokuja haki ya kukidhi mahitaji yao. Wajerumani walipotafuta neno la kutafsiri wazo hilo, walilikuta katika lugha ya mabwana misitu wao, na walipolifuatilia nyuma walifika kwenye kitabu cha 1713. Mwaka 2013 miaka 300 ya kitabu hicho iliadhimishwa katika Ujerumani, na mtu ambaye kwa muda mrefu alijulikana kwa wataalamu wachache akaanza kutajwa shuleni.

Migodi ya Freiberg ilifungwa mwaka 1913, ikafufuliwa katika miaka ya 1930, na kufungwa tena mwaka 1969. Mwaka 2019 eneo lote la migodi ya kale ya Erzgebirge, upande wa Ujerumani na wa Ucheki, liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni sasa hulipa kiingilio kuteremka mahali ambapo watu walikuwa wakilipwa mshahara kuteremka. Juu yake, kwenye miteremko iliyobaki mitupu katika miaka ya moshi, wafanyakazi wa misitu wamekuwa wakipanda upya, safari hii miti iliyochanganywa.